Kuona Barabara Usiku wa Mvua Ukiwa juu ya Baiskeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waendesha Baiskeli wa Nairobi

Nairobi iko karibu na Ikweta, hivyo jua huzama karibu saa 12:30 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi baada ya hapo. Katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, mvua hupenda kunyesha alasiri na jioni, saa zilezile ambazo mafundi, wachuuzi na walinzi wa zamu wanatoka Eneo la Viwanda, Gikomba na katikati ya jiji wakirudi nyumbani kwa baiskeli. Nimeendesha katika hali hiyo kwa miaka kumi na mitatu, kutoka Eneo la Viwanda hadi Umoja kupitia Barabara ya Jogoo, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo ambayo wenzangu huniuliza zaidi.

Kwa nini taa inayomulika vizuri barabara kavu huonekana kama imeisha betri mvua ikinyesha?

Taa haijapungua nguvu. Kilichobadilika ni lami. Lami kavu imejaa kokoto na vinundu vidogo, na mwanga unapoigonga hutawanyika kila upande, ukiwemo upande ulikotoka, ndiyo maana sehemu yake hurudi machoni mwako nawe ukaiona barabara. Mvua inapojaza mianya iliyo kati ya kokoto hizo, maji hutanda juu yake kama kioo, na kioo hakitawanyi mwanga bali huurusha mbele, mbali nawe. Unamulika barabara, lakini anayefaidi mwanga wako ni yule anayekuja kutoka upande wa pili. Naye, kwa sababu iyo hiyo, taa zake hukufikia mara mbili: kwanza moja kwa moja, kisha zikiwa zimeteleza juu ya lami kama mistari mirefu myeupe inayokuja hadi kwenye gurudumu lako. Unapungukiwa na mwanga unaouhitaji na papo hapo unaongezewa ule unaokuumiza macho.

Anayetaka kusadiki afanye jaribio hili nyumbani. Usiku, amwage kikombe cha maji juu ya nusu ya sakafu ya saruji ya barazani, azime taa za nyumba, kisha ashike tochi chini, usawa wa goti, na kuimulika sakafu kwa mshazari. Nusu iliyo kavu itang'aa kijivu na kila ufa utaonekana. Nusu yenye maji itakuwa nyeusi ti, ilhali kwenye ukuta ulio mbele yake patatokea doa la mwanga lililorushwa na maji hayo. Mtu akishaliona doa hilo ukutani, mengi ya yanayofuata hapa hayatahitaji kuelezwa mara mbili.

Basi ninunue taa yenye nguvu kiasi gani?

Watu wengi huanza na swali hili, na mimi hupenda lije baada ya lile la kwanza, kwa sababu ukiongeza nguvu ya taa, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo nayo itarushwa mbele na maji. Taa inayotoa kati ya lumeni 300 na 600, na inayoweza kudumisha kiwango hicho kwa muda wote wa safari yako, inatosha kwa barabara zetu nyingi zisizo na taa za mitaani. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka ndani ya taa. Hakisemi mwanga huo unakwenda wapi. Taa ya duara kama tochi ya kawaida hupeleka karibu nusu ya mwanga wake juu, kwenye matone ya mvua na machoni mwa wenye magari, na nusu hiyo haikusaidii kamwe. Taa ambayo mwanga wake umekatwa juu kwa mstari ulionyooka, kama taa za gari, huushusha wote barabarani. Nchini Ujerumani kanuni hudai taa ya mbele ya baiskeli itoe walau luksi 10 katika umbali wa mita 10 bila kuwapofusha wengine, na luksi ndicho kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu chenyewe. Ukipata taa iliyotengenezwa kwa kanuni hiyo, hata ikiwa imetumika, ichukue.

Usiamini namba kubwa zilizochapishwa kwenye boksi. Taa ndogo ya betri moja inayodai lumeni elfu kumi haisemi kweli. Afadhali umwombe muuzaji akuruhusu kuimulika kwenye kona yenye giza ya duka lake, uone umbo la mwanga. Vilevile tazama alama ya kuzuia maji: IPX4 maana yake inastahimili maji yanayoruka kutoka pande zote, jambo linalotosha kwa mvua, na IPX7 maana yake inastahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30.

Taa niifunge kwenye helmeti, kwenye usukani au chini zaidi?

Chini zaidi, kama inawezekana. Taa iliyo kwenye helmeti iko karibu na macho, na kila tone la mvua linalopita mbele ya uso huyarudishia macho yako mwanga wa taa hiyo, hata unajikuta unatazama pazia la nukta nyeupe badala ya barabara. Kuna ubaya mwingine usiosemwa sana: mwanga unaotoka karibu na jicho huficha vivuli. Usiku wa mvua hatulioni shimo lenyewe. Tunaona kivuli cha ukingo wake. Taa ikiwa juu, kivuli hujificha nyuma ya kitu kilichokitoa, na barabara yote huonekana imelala sawasawa kama meza.

Taa iliyofungwa kwenye foki, juu kidogo ya gurudumu la mbele, hurefusha vivuli. Kokoto dogo hutoa kivuli kama cha ngumi na ukingo wa shimo huonekana kama mstari mweusi uliochorwa kwa wino. Wiki ya kwanza utaogopa kila kitu, kwa sababu vitu vidogo vitaonekana vikubwa, lakini jicho huzoea. Palipo na madigadi mapana au kikapu cha mzigo kinachozuia mwanga, ifunge upande wa chini wa usukani. Ilenge hivi: kitovu cha mwanga kigonge chini yapata mita 10 mbele yako, na ukingo wake wa juu ufike mita 20 hivi. Taa ya helmeti nayo ina kazi yake, ya kutazama kona kabla ya kukata na kumwonyesha dereva aliye pembeni kwamba upo, ila iwe hafifu na isiwe ya kwanza.

Nitajuaje tofauti ya dimbwi la juujuu na shimo lililojaa maji?

Mara nyingi hutajua, na huo ndio ukweli ambao ningependa kila mwendesha baiskeli auchukue kwa uzito. Novemba moja, mbele kidogo ya Makadara, niliona dimbwi dogo, upana wake kama sinia la pilau, likiwa mahali ambapo siku zote nilipita. Sikushindwa kuliona, nililiona vizuri, nikaamua kwamba kwa kuwa ni dogo basi halina kina. Lilikuwa shimo la mtaro ambalo kifuniko chake cha chuma kilikuwa kimeibwa. Gurudumu la mbele lilizama karibu nusu, nikarushwa juu ya usukani, nikavunjika mtulinga wa kushoto. Tangu hapo sipiti juu ya maji ambayo chini yake sikuoni, yawe madogo namna gani, isipokuwa nimeona gari au baiskeli nyingine ikipita palepale mbele yangu.

Hata hivyo maji yana ishara zake, na mtu hujifunza kuzisoma. Mvua ikiwa imepungua, itazame taa ya barabarani inavyoakisiwa: juu ya lami iliyolowa tu, mwanga huo hurefuka na kuchakaa kama rangi iliyopakwa kwa kidole; juu ya maji yaliyotuama, huwa mkali na mzima, kama taa ya pili iliyowekwa chini. Mvua ikiwa inanyesha kwa nguvu, tazama matone yanavyoanguka. Kwenye lami yenye maji membamba hayatengenezi kitu cha kuonekana, lakini kwenye maji yenye kina kila tone hutoa kiduara kinachotanuka na kurusha kichembe juu. Mahali ambapo viduara vinaonekana ni mahali pa kuzunguka. Maji yanayozunguka kama yanayoingia kwenye faneli, au mapovu yanayopanda mahali pamoja, ni dalili ya tundu chini yake.

Matatu iliyo mbele yako nayo ni mwalimu mzuri ukiifuata kwa umbali wa kutosha. Gurudumu lake likirusha maji bila bodi kutikisika, hapo ni pa juujuu. Ikiinama upande mmoja, umeshaonyeshwa shimo bure.

Kwa nini njia ninayoizoea Kawangware hunisumbua kidogo kuliko ya Utawala, ilhali mashimo ni yaleyale?

Swali hili aliniuliza kijana anayesambaza mkate, na nililifurahia sana kwa kuwa jibu lake liko kwenye udongo. Upande wa magharibi wa jiji, kuanzia Kawangware na Dagoretti kuelekea Kabete, udongo ni mwekundu. Mvua ikiuburura hadi barabarani, utando wake hubaki na rangi iliyo tofauti na lami, na chini ya taa huonekana kama doa la kahawia linalokuonya mapema. Upande wa mashariki na kusini, Embakasi, Utawala na hadi Syokimau, udongo ni mfinyanzi mweusi, ule unaonata kwenye viatu na kupasuka wakati wa kiangazi. Ukiletwa barabarani na magurudumu ya malori yanayotoka kwenye maeneo ya ujenzi, usiku hautofautiani na lami kwa rangi wala kwa mng'aro, nao huteleza kama sabuni.

Huko mashariki, basi, usitafute rangi. Tafuta umbile: lami iliyolowa huwa na chembechembe zinazometameta, lakini tope hung'aa kwa ulaini kama ngozi iliyopakwa mafuta. Jambo la hakika zaidi ni kukumbuka lango la kila eneo la ujenzi na kila njia ya udongo inayoingia barabarani, na kupunguza mwendo kabla ya kufika hapo hata kama huoni kitu. Mtu anayepita njia yake mara moja mchana, siku ya Jumapili kwa mfano, akitazama tu mahali palipo na tope kavu, vifuniko vilivyokosekana na matuta yasiyopakwa rangi, usiku wake wa mvua huwa umeshaanza vizuri.

Nifanye nini taa za magari yanayokuja zinaponipofusha?

Punguza mwendo kabla hazijakufikia, si baada ya kupofuka. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa unapita mita 5 na nusu kila sekunde, na jicho lililopigwa na mwanga mkali linaweza kuchukua sekunde kadhaa kabla ya kuona tena vitu hafifu. Sekunde tatu ni zaidi ya mita 16 za kwenda bila kuona. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, hamisha macho yako kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, kwenye mstari mweupe au pale lami inapokutana na udongo, uufuate huo hadi gari lipite. Usilitazame gari, hata kwa hasira.

Kofia yenye ukingo, ikivaliwa chini ya helmeti, ndicho kifaa cha bei ndogo kinachosaidia kuliko vyote ninavyovijua. Ukiinamisha kichwa kidogo, ukingo huo hufunika taa za gari na kukuachia barabara, na huku huzuia mvua isiingie machoni. Wengine hufumba jicho moja ili libaki limezoea giza. Sishauri jambo hilo, kwa sababu kwa jicho moja ni vigumu zaidi kukadiria umbali wa kitu kilicho karibu, na huo ndio unaouhitaji palipo na mashimo. Kwenye barabara zilizogawanywa katikati, kama Jogoo, shida hii ni ndogo kuliko kwenye barabara zenye njia moja tu kila upande bila kizuizi katikati. Nikiwa na hiari, mimi huchagua ile iliyogawanywa hata kama inaniongezea safari. Wenye bodaboda wanaokuja upande wetu, pembeni kabisa, wakiwa na taa kali za ziada, ni suala jingine: simama kabisa, mguu chini, waache wapite.

Navaa miwani, na mvua ikinyesha sioni chochote. Niivue?

Usiivue kama unaihitaji ili kuona mbali. Ukingo wa kofia utazuia matone mengi, na yaliyobaki yafutwe kwa kitambaa safi cha pamba kilichowekwa ndani ya mfuko wa plastiki, si kwa mkono wa jaketi, kwa sababu maji ya barabarani hubeba mchanga na mafuta na kila ukifuta unaikwaruza lenzi. Mikwaruzo hiyo ndiyo hutengeneza nyota kuzunguka kila taa. Ukungu nao huja hasa unaposimama, kwa kuwa jiji hili lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari huwa na baridi jioni za mvua na uso wa mtu aliyekuwa akikanyaga pedali una joto. Kabla ya kuondoka, paka tone moja la sabuni ya maji ndani ya lenzi, kisha isugue kwa kitambaa kikavu hadi isionekane; ukungu hautashika kwa safari nzima.

Miwani ya manjano inayouzwa kuwa ni ya usiku iache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 haukupata kwamba inawasaidia madereva kumwona mtembea kwa miguu mbele ya taa za gari linalokuja, na akili inakubali: lenzi yoyote yenye rangi hupunguza mwanga, na usiku wa mvua hatuna mwanga wa kupunguza. Ile inayokata mng'aro wa maji mchana, ambayo wavuvi huipenda, humeza nusu ya mwanga au zaidi, hivyo haifai kabisa.

Nina umri wa miaka 58 na kila taa naiona na duara kubwa. Je, ni mvua?

Inawezekana si mvua. Duara au miale kuzunguka taa, hasa ikiongezeka mwaka hadi mwaka, ni mojawapo ya dalili za mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Nenda ukapimwe macho kabla ya kununua taa nyingine. Wanaoona vizuri mchana na kushindwa giza linapoingia nao wapimwe, kwa kuwa pengine ni kutoona mbali ambako hakujapimiwa miwani, na pengine ni upungufu wa vitamini A, ambayo hupatikana kwenye ini, karoti, maembe, viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa na mboga za majani kama sukuma wiki. Kwa mtu asiye na upungufu huo, kula karoti zaidi hakumwongezei kitu machoni.

Mwendo upi unafaa?

Ule unaokuwezesha kusimama ndani ya mwanga wako. Ukihesabu sekunde moja ya kutambua hatari na breki nzuri kwenye lami iliyolowa, kwa kilomita 15 kwa saa utasimama katika mita 8 hivi, kwa 20 katika mita 12, na kwa 30 katika mita 22. Ukilinganisha namba hizo na taa inayofika mita 20, utaona kwamba kwa mwendo wa 30 unaendesha ukiamini tu. Wenye baiskeli nzito za zamani zenye rimu za chuma waongeze umbali huo sana, kwa kuwa chuma chenye maji hakishikiki vizuri na raba za breki. Bana breki kidogo kila baada ya muda ili raba zipanguse maji kabla hujazihitaji.

Na wengine watanionaje?

Kumbuka kwamba dereva naye anatazama kupitia kioo kilichojaa matone, kwa hiyo anakuona kidogo kuliko unavyodhani. Taa nyekundu ya nyuma iwashwe mfululizo, kwani inayopepesa humfanya ashindwe kukadiria umbali wako. Ipanguse kila unaposimama, maana gurudumu la nyuma lisilo na madigadi huipaka tope katika dakika chache. Jaketi ya kuakisi mwanga ni nzuri, lakini ukanda unaoakisi ukifungwa kwenye vifundo vya miguu ni bora zaidi: unapanda na kushuka, na dereva hutambua papo hapo kwamba mbele yake kuna mtu.

Ni wakati gani niache kabisa kuendesha?

Maji yanapokuwa yanatembea. Maji yaliyotuama huficha shimo, lakini yanayopita kwa nguvu huficha pia kwamba barabara yenyewe imechukuliwa, kama wengi walivyojionea katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Hapo shuka, rudi nyuma, utafute njia ya juu au mahali pa kusubiri.

Taa ikizimika katikati ya safari?

Shuka na usukume ukiwa pembeni, taa ya nyuma ikiendelea kuwaka. Tochi ya simu haifai kuendeshea: mwanga wake hauna mlengo, na simu iliyolowa itakuachia matatizo mawili badala ya moja. Mimi hubeba taa ya pili, ndogo kama kidole gumba, ndani ya mfuko wa shati. Ukifika nyumbani, usiiweke taa kwenye chaji mara moja. Fungua kizibo cha tundu la chaji, ikung'ute, uilaze tundu likitazama chini juu ya kitambaa kikavu hadi unyevu uishe, ndipo uiunganishe na umeme. Taa mbili za kwanza nilizowahi kununua hazikuharibiwa na mvua ya barabarani, bali na tone moja lililobaki kwenye tundu hilo usiku.